TAHADHARI: Kuna mtu anachoma "Botox" majumbani na kwenye vyumba vya kukodi hapa Dar, msimpe nyuso zenu

Dada zangu, mama zangu, na kaka pia maana siku hizi nanyi mnaenda, kuna mwanamke anazunguka Dar es Salaam akichoma watu sindano za uso anazoziita Botox na fila. Anajiita daktari. Kliniki hana. Anapatikana Instagram na WhatsApp tu. Mara amepanga chumba Sinza, mara yuko Mbezi, mara anakufuata kwako ukimkusanyia mashosti watano, na wewe mwenye nyumba anakuchoma bure. Ukurasa wake umeshabadilishwa jina zaidi ya mara moja, kwa hiyo hata nikiandika jina la leo kesho halitamsaidia mtu. Nitaeleza anavyofanya kazi, mmtambue kwa hilo, yeye na wenzake.

Aliyeumia ni mama yangu mdogo. Ana miaka hamsini na kitu, binti yake alikuwa anaolewa, na siku ya sendofu alitaka asionekane mchovu kwenye picha. Naomba wanaojiandaa kuuliza "alikuwa anatafuta nini umri huo" waishie hapo. Mwanamke aliyelea watoto wake mpaka wakafika ukumbini ana haki ya kutaka uso wake upendeze siku hiyo, na kuna madaktari wa ngozi waliosomea kazi hii wanaoifanya vizuri. Kosa ni la aliyechukua hela yake akamwekea mwilini kitu kisichojulikana ni nini.

Ilianza kwa picha za "kabla na baada". Mama mdogo akaandika, akajibiwa papo hapo, "karibu mamii", akapewa bei: laki tatu na nusu kwa paji la uso na pembe za macho, ofa inaisha leo usiku, lipa nusu kushika nafasi. Namba ya kulipia ilikuja na jina la mwanaume. Alipouliza akaambiwa huyo ni mhasibu. Siku mbili kabla ya sendofu akaenda, akalazwa kwenye kochi la chumba cha kukodi, akachomwa, akamalizia hela iliyobaki, akaondoka. Hakupewa risiti wala karatasi yoyote. Hakuulizwa kama ana presha, anatumia dawa gani, wala kama ana ugonjwa wa misuli au neva.

Binti yake alipiga picha kichupa cha dawa ili aweke status. Picha hiyo ndiyo ushahidi mkubwa tulio nao, na nimeikuza na kuitazama mpaka nimeikariri. Ni kichupa kidogo cha kioo, kizibo kimeshatobolewa, ndani mna maji maji yaliyofika nusu. Lebo ya chini ina maandishi ya Kikorea. Juu yake imebandikwa stika nyingine, imechapwa kwa printa ya kawaida, imeandikwa BOTOX kwa herufi kubwa. Pale panapotakiwa pawe na tarehe ya mwisho wa matumizi stika imejikunja na haisomeki. Kichupa kimewekwa mezani pembeni ya glasi ya juisi. Hakuna barafu, hakuna kibebeo cha baridi, na mkoba uko wazi nyuma yake.

Ukiijua dawa yenyewe, picha hiyo inatosha kukufanya uvae viatu uondoke. Botox ni sumu ya bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, imesafishwa na kupimwa kwa kiasi kidogo mno. Inazuia neva isiuamuru msuli kujikaza, msuli unatulia, na mkunjo wa juu yake unalainika kwa miezi mitatu hadi minne hivi. Marekani iliiruhusu kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Kiwandani haitoki ikiwa maji, inatoka ikiwa unga mkavu uliokauka chini ya kichupa, usiotikisika. Anayechoma ndiye anayeuchanganya na maji ya chumvi safi ya hospitali, na mtengenezaji anataka ikishachanganywa itumike ndani ya saa 24. Muda wote inakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, yaani friji. Zipo sumu za aina hiyo za kampuni nyingine zinazokuja zikiwa za maji, ila hizo haziitwi Botox. Kwa hiyo mtu anayekuambia hii ni Botox ya Marekani halafu anatoa kwenye mkoba kichupa cha maji kilichokwisha tobolewa, ama kakichanganya siku usiyoijua kwa ajili ya mtu usiyemjua, ama si Botox kabisa.

Sikilizeni na vipimo vyake. Yeye anauza kwa "mil", yaani mililita. Dawa hii hupimwa kwa yuniti, na mikunjo ya katikati ya nyusi kwa kawaida huchukua yuniti 20. Mil moja inaweza kubeba yuniti chache au nyingi kutegemea maji aliyoongeza. Mtu asiyeweza kukutajia yuniti hajui anakuwekea kiasi gani.

Na zile picha za "kabla na baada" zinazowavuta wengi ni uongo unaojionyesha wenyewe. Ukizitazama vizuri, nguo ni ileile, kiti kilekile, mwanga uleule wa dirishani, na maandishi yanasema "dakika 30 tu". Botox haifanyi kazi dakika 30. Huanza kuonekana baada ya siku kadhaa na hukamilika karibu wiki mbili. Daktari wa kweli angemwambia mama mdogo kwamba siku mbili kabla ya sherehe ni kupoteza hela, aje mwezi mmoja kabla ili kukiwa na tatizo lionekane mapema. Huyu alimwambia "utang'aa ukumbini".

Sendofu ilipita, uso uko vilevile. Siku zilizofuata ndipo kope la kulia likaanza kushuka. Kisha akawa anaona vitu viwili viwili. Kisha chai ikawa inampalia, na sauti ikabadilika, akawa anaongea puani. Tulipomuuliza mchomaji alijibu kwamba ni kawaida, mwili unasafisha sumu, akande kwa maji ya moto, na kama ana haraka atume elfu themanini aje achomwe sindano ya kurekebisha. Jamani, sindano ya kufuta Botox haipo. Ikishashika, inasubiriwa mpaka neva zijirudi zenyewe. Tulipomwambia tunaelekea hospitali, akatublock wote.

Hospitalini walimlaza hasa kwa ajili ya kuangalia pumzi, maana sumu hii ikisambaa kutoka ilipochomwa inaweza kufika kwenye misuli ya kumeza na kupumua. Swali la kwanza la daktari lilikuwa "kichupa kiko wapi?" Hatukuwa nacho, mchomaji alikuwa ameondoka nacho. Tulikuwa na picha ya status tu. Mama mdogo amerudi nyumbani na anaendelea vizuri, kope linapanda polepole, ila bado anakula vitu laini na anakaa wima muda mrefu baada ya kula. Namshukuru Mungu sana.

Nilipoanza kusoma nikaona haya si mageni duniani. Mwaka 2004 kule Florida, Marekani, watu wanne walipooza baada ya kuchomwa sumu ya maabara isiyotengenezwa kwa ajili ya binadamu, na aliyewachoma, ambaye leseni yake ilikuwa imesimamishwa, alikuwa mmoja wao. Mwaka 2023 watu zaidi ya 60 waliugua kwa sumu hiyohiyo baada ya kuchomwa tumboni nchini Uturuki ili wapungue uzito, wengine wakiwa wamesafiri kutoka Ujerumani, Austria na Uswisi. Nawatajia hilo kwa sababu huyu wetu anajinadi kwamba "amesomea Uturuki", na watu wakisikia Uturuki wanalegea. Mwaka 2024 Botox bandia iligundulika katika majimbo kadhaa ya Marekani, wanawake wengi wakichomwa majumbani na sehemu za urembo, na nusu ya waliougua walilazwa. Kama kwao kwenye ukaguzi wa kila namna inapita, yetu ya mkobani tuiogope zaidi.

Halafu hizi sherehe za mashosti. Kichupa kimoja, bomba moja, nyuso tano. Mwenye nyumba anafurahia cha bure, kumbe amegeuzwa dalali bila kujua. Huko Albuquerque, jimbo la New Mexico, kuna sehemu ya urembo iliyofungwa mwaka 2018 ambako wanawake walichomwa usoni kwa damu yao wenyewe ili ngozi iwe ya ujana, na baadhi yao wakapata VVU. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina ndani ya friji ya jikoni pamoja na chakula. Sindano mpya ifunguliwe mbele ya macho yako, na kichupa kifunguliwe kwa ajili yako. Ukiona bomba limeshavutwa dawa kabla hujaketi, nyanyuka.

Fila nazo ni hatari nyingine tofauti, na hapa ndipo naogopa zaidi. Fila haitulizi msuli, inajaza: midomo, mashavu, chini ya macho. Nzuri hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, ambayo daktari anaweza kuiyeyusha kwa dawa maalum ikienda vibaya. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi hupauka ghafla, huuma sana, kisha huwa na madoa ya bluu na zambarau, na sehemu hiyo inaanza kufa. Ikifika kwenye mshipa wa jicho, mtu anapofuka, na mara nyingi kuona hakurudi. Ni suala la dakika na saa. Mchomaji wa chumba cha kukodi hana dawa ya kuyeyusha na pengine hajawahi kuisikia. Na wapo wanaotumia silikoni ya maji badala yake kwa sababu ni rahisi. Hiyo haiyeyuki, inahama, inaota mabonge hata baada ya miaka. Wenye ngozi zinazootesha makovu ya kuvimba wanalo la kuongezea hapo.

Dripu za kung'arisha ngozi anauza pia, na baada ya yote niliyosema nadhani mnajua msimamo wangu. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino, nchi ambako biashara hiyo imeshamiri, imeshaonya kuhusu sindano za kuchubua za glutathioni, dawa inayowekwa kwenye dripu hizo.

Kwa atakayeamua kuchoma, na sitamzuia mtu mzima: jina la daktari litafute kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Cheti cha mafunzo ya siku mbili chenye fremu ya dhahabu si leseni. Uliza kituo kimesajiliwa, kisha omba kuona kichupa na boksi lake kabla ya kulipa chochote, upige picha jina, namba ya toleo na tarehe. TMDA ndio wanaosajili dawa Tanzania Bara, waulize kama hiyo imesajiliwa. Zanzibar ni ZFDA, na ndugu zetu wa Kenya wana Bodi ya Famasia na Sumu. Mwenye dawa halali hakasiriki ukiomba kuiona. Huyu wetu alimwambia mama mdogo "huniamini, mamii?" Ukisikia sentensi hiyo, jua jibu umeshapewa. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri.

Kama umeshachomwa na mtu wa namna hii na unaona kope linashuka, unaona viwili, chakula kinapalia, ulimi unakuwa mzito au pumzi inabana, usingoje wiki ipite. Nenda dharura leo na useme wazi umechomwa nini, wapi na lini. Aibu isikuchelewesheni, daktari hawezi kuhisi neno usilolisema. Dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache au hata wiki kadhaa.

Waliolipa nusu na hawajaenda, msiende. Meseji zake za kuomba hela na namba anayotumia zitumeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Sisi tumeshafungua RB, na polisi wametuambia kila malalamiko mapya yanasaidia kumpata mwenye ile namba ya "mhasibu". Wenye miamala, sauti za WhatsApp au picha ya kichupa, msizifute hata kama amewablock. Nendeni nazo kituoni, na nakala pelekeni ofisi ya TMDA ya kanda yenu. Mwenye kichupa chenyewe mkononi, hata kikiwa kitupu, akifunge vizuri kwenye mfuko, akiweke kwenye friji mbali na watoto na chakula, na awapigie TMDA kesho asubuhi.