Barua moja kila siku kabla ya OET: uzoefu wangu na huduma ya kusahihishiwa kwa WhatsApp

Wauguzi wenzangu hapa Mombasa wamekuwa wakiniuliza nilijiandaaje kwa sehemu ya kuandika ya OET, mtihani wa Kiingereza, basi acha nieleze yote kwa pamoja. Nililipia huduma ya kusahihishiwa barua kila siku kupitia WhatsApp. Anayeiendesha ni muuguzi Mkenya aliyekwisha kuufanya mtihani huu na sasa yuko kazini Uingereza. Simtaji jina kwa sababu hajitangazi na huchukua watu wachache tu. Huduma za namna hii ni nyingi siku hizi, nzuri na mbovu, na nataka ujue cha kuuliza kabla hujatuma pesa.

Kwa ambaye hajauona mtihani wenyewe: OET ni wa watu wa afya pekee, fani 12, na kila fani ina karatasi yake ya kuandika. NMC, baraza la wauguzi la Uingereza, linakubali OET au IELTS, mtihani mwingine wa Kiingereza ambao si wa watu wa afya pekee. Kwa OET linataka B, yaani 350 kwenda juu, katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na C+, yaani 300 kwenda juu, katika kuandika. Sehemu ya kuandika ni dakika 45. Tano za mwanzo ni za kusoma maelezo ya mgonjwa tu, huruhusiwi kuandika chochote. Arobaini zinazobaki unaandika barua moja ya maneno kama 180 hadi 200: ya rufaa, ya kumhamisha mgonjwa, au ya kumruhusu aende nyumbani.

Watu husikia "barua moja" wakadharau. Tena sisi tumesoma uuguzi kwa Kiingereza na tunakiandika kila shifti. Lakini hebu fungua faili lolote la wodini uone tunachoandika: mgonjwa hana homa, drip inaendelea, mkojo kiasi fulani, dawa ametiwa. Vipande vitupu. Hakuna sentensi kamili, "the" na "a" hatuzigusi, na kitenzi mara nyingi kimeachwa. Ndivyo inavyotakiwa kwenye faili, maana muda hakuna na wenzako wanaelewa. Miaka kumi ya kuandika hivyo inakupa mkono mwepesi wa vipande, na mtihani unakudai barua ambayo mtu aliye nje ya wodi yako, pengine ofisa wa ustawi wa jamii asiyejua hata kifupisho kimoja cha kitabibu, ataisoma mara moja na kuelewa. Hii ndiyo sababu mazoezi ya kila siku yalinifaa kuliko kozi ya wikendi. Mkono unazoezwa, na mkono hauzoei kwa siku mbili.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Jioni anatuma maelezo ya mgonjwa, kurasa moja na nusu au mbili. Unaweka saa, unasoma dakika tano mikono ikiwa mbali na kibodi, kisha unaandika. Mimi nilikuwa nimejiandikisha kufanya mtihani kwa kompyuta, kwa hiyo alinitaka nichape kwenye laptopu na nizime kile kisahihishi cha tahajia. Unatuma kabla hujalala. Asubuhi unaikuta barua yako imewekwa alama, pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika chache. Halafu inakuja sehemu ambayo ndiyo niliyoilipia hasa, ingawa wakati nalipa sikuijua: siku inayofuata huandiki barua mpya. Unaandika ileile tena, kutoka mwanzo, bila kuangalia ya jana. Mgonjwa mpya huja baada ya hapo.

Niwape mfano wa barua moja. Mzee wa kisukari alilazwa kwa kidonda cha mguu, sasa anaruhusiwa, na barua inakwenda kwa muuguzi wa jamii atakayemtembelea nyumbani. Maelezo yamejaa kila kitu: lini aligunduliwa na kisukari, upasuaji wa tezi za koo utotoni, baba yake alikufa kwa kiharusi, vipimo vya sukari vya kila siku aliyokaa wodini, dawa zilizoanzishwa na zilizosimamishwa, anaishi peke yake ghorofa ya pili, macho yamepungua nguvu, sindano ya insulini bado anaiogopa. Barua yangu ya kwanza ilifuata mpangilio wa faili, tarehe kwa tarehe, kama tunavyokabidhiana zamu. Mwalimu alipiga mstari nusu yake. Pembeni aliandika swali moja tu: "Huyu muuguzi anayekwenda kwake kesho asubuhi akafanye nini?"

Ukilijibu hilo, barua inajipanga yenyewe. Sentensi ya kwanza inasema mzee anaruhusiwa leo na anahitaji kufungwa kidonda na kusimamiwa anapojichoma insulini. Macho na hofu ya sindano vinapanda juu, kwa sababu ndivyo vinavyomfanya asiweze mwenyewe. Ghorofa ya pili inabaki, maana ana kidonda cha mguu. Tezi za koo zinatoka. Vipimo vya kila siku vinakuwa sentensi moja: sukari ilikuwa juu alipofika na sasa imetulia. Kati ya vigezo sita vya kusahihisha, cha kwanza ni kusudi: je, msomaji anajua mara moja kwa nini ameandikiwa? Kingine ni ufupi na uwazi. Yaani kujua cha kuacha kuna alama zake, na hilo hulipati kwenye kitabu cha sarufi.

Sarufi nayo aliishughulikia, ila kwa njia niliyoipenda. Hakusahihisha kila kosa. Alichagua aina moja kwa wiki. Wiki ya kwanza ilikuwa "the" na "a" peke yake, na makosa mengine aliyapita kimya. Kuna waliolalamika kwenye kundi kwamba wanalipa na makosa yanaachwa. Mimi naona alifanya sawa, kwa sababu barua iliyojaa wekundu huisomi, unaifunga tu na kwenda kupika.

Siku za zamu ya usiku ndizo zilizokuwa ngumu. Hapo tulikubaliana niandike aya ya kwanza tu, ile ya kusudi, kabla ya kupanda matatu kwenda kazini. Dakika kumi zinatosha. Ukiwa na zamu kama zangu, muulize mapema anayetoa huduma kama anakubali hivyo, kwa sababu wengine wanahesabu siku na ukiikosa pesa yako imekwenda.

Yasiyonifaa yapo. Ujumbe wa sauti ni mzuri kusikiliza ndani ya matatu, lakini mwezi ukiisha huwezi kutafuta alichosema kuhusu jambo fulani. Nilikuwa nimeanza kuandika muhtasari daftarini, na daftari hilo ndilo nililosoma wiki ya mtihani. Pia aliwahi kutuma maelezo ya mgonjwa aliyoyatunga mwenyewe, yakawa mepesi mno. Ya kweli yanachanganya zaidi. Mifano rasmi iko bure kwenye tovuti ya OET, nami nilianza kuifanya kando kwa saa, na tofauti niliiona.

Kabla ya yeye niliwahi kulipia kundi jingine linalouza barua za kukariri: unaambiwa ukariri fungua hivi, funga hivi, katikati jaza jina na ugonjwa. Sikulipenda na simshauri mtu. Maelezo yakija ya mama anayehamishiwa hospitali nyingine baada ya kujifungua, na wewe umekariri barua ya kisukari, utabaki unahangaika na saa inakwenda. Programu za akili mnemba pia nilizijaribu. Ukiipa barua yako inakurudishia safi kabisa, ila hiyo ni barua yake, si yako. Niliona inafaa kwa jambo moja: kuiomba ikuonyeshe sentensi zisizoeleweka bila kuzirekebisha, kisha uzirekebishe mwenyewe.

Kuandika nilipata 360, yaani B, juu ya kile NMC inachotaka. Kuzungumza ndiko kulikonipa hofu zaidi, na huduma hii haikugusa kuzungumza kabisa.

Kwa hiyo ukitafuta mtu wa kukusahihisha, muulize mambo haya: unarudisha barua baada ya saa ngapi, utanifanya niandike upya ileile, maelezo ya wagonjwa unayatoa wapi, na je, wewe mwenyewe umeufanya OET wa uuguzi au IELTS tu? Lipa wiki moja kwanza, si mwezi mzima. Na kama tayari unamaliza barua ndani ya dakika 40 na mtu asiye wa afya anaielewa, wiki hiyo moja inakutosha. Pesa iliyobaki itumie kwa mazoezi ya kuzungumza, kwa kuwa huko hakuna C+, wanataka B.