TAHADHARI: Viwanja vya "hati ya miaka 99" njia ya Chalinze ni malisho ya kijiji. Nimelizwa milioni 4 na laki 8

Jamani ndugu zangu, naandika mkono unatetemeka. Nimekaa na jambo hili wiki tatu, sijamwambia mtu zaidi ya dada yangu na baba watoto, kwa aibu. Leo asubuhi nimefungua simu nikakuta tangazo la hao wauza viwanja limerudi. Picha ileile, mbuyu uleule kwa nyuma, bei wameshusha. Nikasema hapana, hii siwezi kunyamaza. Aibu nitaibeba mwenyewe, lakini mwingine asiingie.

Milioni 4 na laki 8. Wa kikoba chetu mnajua ile hela ilipatikanaje na ilikuwa ya kazi gani, sina nguvu ya kurudia. Na nilishaumia Tabata kwa kununua ardhi kwa maneno ya mtu, nikaapa sirudii tena. Ndiyo maana safari hii nilidai kila karatasi, nikaenda kwa miguu yangu, nikakanyaga udongo. Mtu asije hapa kuniambia nilikurupuka.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Februari. Saa moja asubuhi tulikutana Mbezi, tukapanda Coaster, watu kama 25, safari ya kwenda saiti bure. Ndani ya gari tukapewa maji ya chupa na maandazi. Walikuwepo mwalimu mstaafu na mkewe, kulikuwa na mama wa makamo aliyesema anamnunulia mwanawe aliyeko Muscat, na vijana wawili wa bodaboda waliochanga. Watu wazima wenye akili zao. Kijana wao, mwenye shati jeupe la mikono mirefu na faili la bluu kwapani, alisimama mbele ya gari njia nzima anatueleza: reli ya mwendokasi inapita, bandari kavu ya Kwala ipo, leo mnanunua kwa elfu 6 mita ya mraba, mwakani mtaitafuta kwa elfu 15. Na hivyo vitu vipo kweli, reli ipo na Kwala ipo. Hapo ndipo alipotushika, kwa sababu alianza na ukweli ambao kila mtu anaujua.

Tulipoacha lami tukaingia vumbi kama nusu saa. Yeye kwenye tangazo aliandika dakika 10. Niliona, nikajiambia gari ni bovu na barabara ina makorongo.

Tulipofika, akatandaza mchoro juu ya boneti ya gari dogo lao lililotutangulia. Karatasi kubwa, imechapwa rangi: njano makazi, kijani bustani, buluu shule na zahanati, barabara zimepewa upana, mita 12, mita 15. Akaukandamiza kwa mawe manne ili usipeperuke. Nikainama nikatafuta kiwanja changu, nikakiona: namba 118 na 119, Kitalu C, ishirini kwa ishirini kila kimoja, vimepakana, kona. Akaniambia, "Mama, kona ni duka hapo, usiiache." Akanishika mkono kama mwanangu wa kumzaa akanipeleka mpaka kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja. "Shika mwenyewe, mama. Hii ndiyo mali yako."

Nikainama nikashika. Rangi nyekundu ikanishika kidole gumba. Bado ilikuwa mbichi. Nikaifuta kwenye kanga, na mpaka leo hilo doa halijatoka, nimefua mara ngapi sijui.

Ndugu zangu, hapo ndipo ningegeuka. Bikoni ya upimaji uliokamilika, wenye mchoro na namba, imepakwa rangi jana? Lakini nani anafikiri hivyo akiwa juani saa sita, watu 25 wanagombea kona, na kijana anakwambia 118 kuna mtu mwingine ameshaiulizia?

Na kuna kingine ambacho kinaniumiza kuliko rangi. Tukiwa pale akapita kijana wa kuchunga, na ng'ombe kama 40 mbele yake, fimbo mabegani. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama." Nikamwitikia. Akauliza, "Mama, mnapima nini? Hii ni njia ya maji." Mimi nikadhani anasema bomba la maji linapita, nikafurahi! Yule wa faili la bluu akaja mbio, "Mama twende kivulini, jua kali," akamfukuza mtoto wa watu kwa maneno ya ovyo. Yule mtoto alikuwa ananiambia njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Mtu pekee aliyesema ukweli siku ile nzima, na sikumsikiliza.

Kwa nini niliwaamini? Ofisi wanayo, nilifika, ghorofani, ina kiyoyozi. Leseni ya biashara imetundikwa ukutani na TIN pembeni yake. Mkataba uligongwa muhuri wa wakili mbele yangu. Alikuwepo na mzee waliyemtambulisha kama mwenyekiti wa kitongoji, akatia saini kama shahidi. Na shemeji yangu alikuwa ameshanunua kwao mwaka jana upande mwingine na hajapata tatizo. (Mpaka sasa. Naye nimemwambia akahakiki.) Sasa niambieni, nani kati yenu angepita hapo akasema hawa ni matapeli?

Nikatoa kianzio milioni moja siku hiyohiyo. Iliyobaki, milioni 3 na laki 8, nikailipa kwa miezi minne, laki 9 na nusu kila mwezi, Machi mpaka Juni. Sikuchelewa hata siku moja. Mwezi wa Mei niliuza friji ya mgahawa ili nisichelewe.

Juni nimemaliza, nikapeleka fundi na tofali 600 nianze hata chumba kimoja. Tukafika, tukakuta pale chini ya 119 maji yanatembea. Februari palikuwa pakavu, nyasi tupu, kumbe ni kijito, masika yamekijaza. Fundi akaniangalia hakusema kitu. Kabla hatujamaliza kushusha tofali wakaja watu wa kijiji, wanaume sita, hawakutupiga wala kututukana, wakasema tu twende ofisini.

Ofisi ya kijiji ni chumba na veranda. Mtendaji ni dada mdogo kwangu kwa umri, akanipa kiti, akanipa maji kwanza. Kisha akafungua kabati akatoa ramani iliyoviringishwa, akaitandaza mezani, akaniambia, "Mama, niwekee kidole pale uliponunua." Tukahesabu kutoka barabarani, kutoka kwenye mbuyu, mpaka nikaweka kidole. Kilikaa katikati ya kijani. Akanisogezea maelezo ya rangi pembeni, nikasoma mwenyewe: MALISHO. Na mstari wa buluu ulipita karibu kabisa na ukucha wangu. Akasema huo ndio mto wanaonyweshea, na hata kama pangekuwa makazi, ndani ya mita 60 za mto hairuhusiwi kujenga, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza.

Nililia pale pale mezani, sikuweza kujizuia.

Akanieleza taratibu, na nayaandika hapa kwa sababu mimi nilikuwa sijui, na naamini wengi wenu hamjui. Kile kijiji kina mpango wake wa matumizi ya ardhi. Walikaa wenyewe, wafugaji na wakulima, wakagawana: hapa makazi, hapa mashamba, hapa msitu, hapa malisho, hapa makaburi. Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha, zikatungwa na sheria ndogo. Wamewahi kugombana sana kabla ya hapo, mifugo ikiingia mashambani, kwa hiyo ule mpaka kwao ni amani yenyewe. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Mtu wa nje akitaka ardhi anaomba kwa maandishi, wanalijadili, linapelekwa kwenye mkutano mkuu. Mwenyekiti wa kitongoji peke yake hawezi kuuza wala kugawa. Akanifungulia kitabu cha mihtasari, tukapitia ukurasa kwa ukurasa. Hakuna kikao chochote kilichotaja viwanja, wala kampuni, wala Kitalu C. Na yule mzee aliyesaini mkataba wangu hayupo kwenye uongozi wa kijiji kile. Hawamjui.

Kesho yake nikaenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya. Afisa akaniuliza mambo mawili tu: namba ya mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, na namba ya ramani ya upimaji. Nikamwonyesha ile karatasi yenye rangi. Akaigeuza huku na huku. Hakuna namba hata moja, kuna saini tu isiyosomeka. Akasema hiyo ni picha, mama. Akasema pia kwamba ile ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, na hati inayotolewa pale ni Hakimiliki ya Kimila. Ile ya miaka 99 waliyoniahidi haiwezi kutoka pale mpaka ardhi ihawilishwe, yaani itolewe kwenye ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, jambo linaloamuliwa na Rais baada ya wanakijiji kupewa taarifa na kusikilizwa. Sasa kijana wa faili la bluu ananiahidi hati "ndani ya siku 90", ameipata wapi?

Nikawapigia. Mara ya kwanza akapokea, akasema "mama tulia, ni siasa za kijiji". Mara ya pili akasema nihamishiwe mradi mwingine niongeze milioni moja na nusu. NIONGEZE! Mara ya tatu simu haipatikani. Ofisini nimekuta wapangaji wengine, wanauza vipodozi.

Watu hawa wafungwe, na wakishafungwa wafilisiwe. Yule wakili anayegonga muhuri bila kuuliza ardhi ni ya nani naye apelekwe kwa wenzake wanaosimamia maadili yao, aeleze. Askari ameniambia kosa lao ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, mwisho wake miaka 7. Miaka 7! Yule mwalimu mstaafu aliweka kiinua mgongo chake pale, ana miaka 7 ya kusubiri? Na wale wafugaji je, wanaoamka asubuhi wanakuta mawe mekundu kwenye njia ya ng'ombe wao, na wageni wenye tofali wanadai pao? Kungetokea damu pale siku ile, ni nani angesimama mahakamani? Sisi tulioibiwa, na wao walioibiwa. Hao wezi wapo kwenye kiyoyozi kingine.

Haya, dalili ambazo ningeziona mapema ni hizi. Rangi mbichi nimeshasema. Hela yote nililipa kwa namba ya simu yenye jina la mtu, si akaunti ya kampuni, na risiti zao hazikuwa za mashine. Waliharakisha sana. Hawakutupitisha ofisi ya kijiji hata mara moja ingawa tulipita mbele yake, nimekuja kuitambua Juni, ni ileile yenye mwembe. Mtu yeyote akikuuzia ardhi kijijini mwambie kwanza twende kwa mtendaji, tuone ramani ya matumizi ya ardhi na muhtasari wa mkutano. Akisita, shuka kwenye gari. Kuna mengine, yananijia usiku, kichwa hakijatulia bado.

Jina lao siliandiki hapa. Mpelelezi ameniomba nisiandike wasije wakakimbia, na tayari wameshabadilisha la kwanza. Anayetaka kununua njia ya Chalinze sasa hivi aniandikie pembeni nitamwambia.

Na kama ulikuwa kwenye ile Coaster, Jumamosi ya kwanza ya Februari, kutoka Mbezi: mimi ndiye mama niliyekaa dirishani nyuma ya dereva, nilivaa kanga ya njano. Yule mama mwenye mtoto Muscat, ninakutafuta. Mwalimu na mkeo, ninawatafuta. RB ya polisi ninayo (namba ya taarifa ya kesi), tumefika watu wanne, na mpelelezi anataka wengi zaidi ili kesi iwe nzito. Jumanne saa mbili asubuhi tunakutana Mbezi palepale tulipopandia. Njoo na mkataba, risiti, na meseji za malipo, usizifute hata moja. Mimi nitakuja na ile kanga.