Miezi saba na ASUS Z10PE-D8 WS, mazabodi ya prosesa mbili

Wadau, hii mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) nimeitumia miezi saba sasa hapa Kampala na nimeipenda kweli, ila kuna mambo natamani mtu angeniambia kabla sijatoa pesa. Kazi yangu ni kurenda, yaani kugeuza michoro ya nyumba kuwa picha kama za kweli, kwa programu ya Blender, wateja wa Ntinda na Kira siku hizi wanataka kuona sebule na jikoni kabla msingi haujachimbwa. Kompyuta ya zamani ilikuwa na prosesa ya i7 ya kori 4 (vitengo vya kazi ndani ya prosesa), picha moja ya sebule dakika 50, mteja akisema badilisha rangi ya pazia basi siku imeisha.

Hii nilichukua used, laki tisa, nikaweka prosesa mbili za seva za Intel, Xeon E5-2680 v4. Kila moja ina kori 14 na thredi 28, yaani kila kori inabeba kazi mbili kwa pamoja, so ukifungua taski meneja unahesabu viboksi 56, na siku ya kwanza vyote vilipojaa nilimwita mke wangu aje aone. Sebule ile ile sasa dakika 11. Angalizo tu, Windows Home inasoma prosesa moja, weka Pro.

Sasa shida niliyopata. Muuzaji alinipa bodi bila vile vifuniko vya plastiki vya soketi (pale prosesa inapokaa) na mimi sikuuliza. Kwa hizi bodi pini ziko kwenye soketi yenyewe, siyo kwenye prosesa, ni 2011 kila upande na nyembamba kama nywele. Nikachomeka ram 8 za GB 16, inatakiwa isome 128, ikasoma 112. Nikabadilisha ram, nikapuliza vumbi, nikarudisha, bado 112 na sloti inayokosa ni ile ile upande wa prosesa ya pili. Siku mbili hivyo. Fundi mmoja wa William Street akaniambia mzee hiyo siyo ram, toa prosesa tuangalie chini, maana nyaya za ram zinaingia moja kwa moja kwenye prosesa kupitia hizo pini. Akamulika tochi ya simu kwa ubavu, siyo kwa juu, safu zote zikang'aa sawa isipokuwa pana kadoa kamoja keusi karibu na kona. Pini moja imelala. Akaisimamisha polepole kwa sindano ya kushonea, mimi nimeshika pumzi, tukawasha, 128.

Kwa hiyo ukienda kununua nenda na tochi, na mwambie awashe mbele yako ikiwa na prosesa utakazotumia. Hii bodi ilitoka enzi za Xeon kizazi cha v3 cha 2014, v4 zikaja 2016, BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta) ikiwa ya zamani v4 haiwaki kabisa na utafikiri umeuziwa mbovu.

Ram gawa nne kwa nne. Kila prosesa ina ram yake ya karibu, ukijaza upande mmoja tu ule mwingine unakwenda kuazima kwa jirani kila saa na kazi inapoa. Na ukiweka prosesa moja tu baadhi ya sloti za kadi hazifanyi kazi, siyo kwamba zimekufa.

Kesi ya kawaida haiingii, bodi ni sentimita 30.5 kwa 33, pima kwanza. Pawa saplai iwe na waya mbili za pini 8 za prosesa. Prosesa peke yake ni wati 240 zikikimbia, uniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) utaziona zinavyoshuka, na UPS (betri ya akiba) ndogo ya dukani haitoshi, mimi ilinizimikia katikati ya render stima ilipoenda nikanunua kubwa zaidi.

Kama wewe ni wa gemu au programu inayotumia kori moja, acha, hizi 2680 v4 zinaishia kasi ya 3.3GHz hata zikijitahidi. Lakini mtu wa kurenda au wa kuendesha mashine pepe nyingi (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja), kwa bei hii sijaona kitu kingine mjini kinachoikaribia.