TAHADHARI kwa wenye malori Mtwara na Lindi: kibomba cha "kupandisha oili juu" kitakuulia injini

Ndugu zangu wenye Fuso na malori mengine mnaobeba korosho msimu huu, someni hili kabla hamjalaza gari leo. Kuna jamaa anazunguka alfajiri kwenye maegesho ya malori hapa Mtwara mjini, na nasikia Masasi ameshafika. Anauza kibomba cha shaba, unene kama kalamu, chenye nati mbili. Anasema kinapandisha oili kwenye roka, vile vyuma vya juu ya injini vinavyosukuma valvu. Mimi nilimpa 280,000. Kutengeneza injini kumenigharimu 4,350,000, na korosho za watu zililala Nanguruwe siku mbili huku nikipigiwa simu mfululizo.

Sitaji jina wala sura yake, hilo nimewaachia polisi. Nataka mjue anavyokunasa.

Anakuja gari likiwa limelala usiku kucha, hujawasha. Ana adabu sana. "Shikamoo tajiri, naomba nikuangalizie tapeti tu, bure." Anafungua kava ya juu ya injini, anapitisha kidole juu ya roka na kukuonyesha: kikavu, kina utando mweusi tu. Halafu anamwambia dereva apige starta. Injini inanguruma, wote mmeinama mnatazama, hakuna hata tone. Hazipiti sekunde kumi anapaza sauti: "Zima! Zima! Unaua injini!" Hapo moyo unadunda, unawaza mzigo unaokusubiri Newala. Anatoa kibomba chake mfukoni. Anafungua swichi ya presha ya oili ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini, anaweka tii (kiungo cha njia tatu), anakiunganisha mpaka kwenye roka shafti, ule mhimili unaobeba roka. Washa sasa: oili inaruka kama bomba la maji lililopasuka mtaani. Niliiona kwa macho yangu, nikahesabu hela huku nikimshukuru.

Ile injini haikuwa na ugonjwa wowote. Fundi mmoja mzee wa Mikindani ndiye aliyenifumbua macho, baada ya hasara. Gari likilala, oili ya juu karibu yote inateremka sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukiwasha, pampu inaivuta kupitia chujio la chini, inaisukuma kwenye kipoza oili na filta, na filta ikiwa oili yake imeshuka lazima ijae kwanza. Kisha inaingia njia kuu iliyotobolewa kwa urefu wa bloku. Njia hiyo ndiyo inayogawa: beringi kuu za krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), na kupitia matundu ya ndani ya krenki mpaka bigi endi, yaani beringi za miguu ya pistoni, halafu bushi za kamshafti, mhimili unaoendesha valvu. Ndipo sehemu ndogo inapanda kwa tundu jembamba, inapita gasketi ya silinda hedi, inaingia roka shafti, ambayo ndani ni wazi kama mrija, na kutokea kwenye vitundu chini ya kila roka. Ikishalainisha inarudi sampu kwa matundu ya pushirodi, zile fito zinazosukuma roka. Kwa hiyo juu ndiko oili inakofika mwisho. Injini ya baridi, sekunde kumi, tena ukiwa umejaza oili nzito, hata iliyo mpya kabisa inaweza kuonekana kavu. Jamaa anajua hilo, ndiyo maana hataki uache injini iendelee.

Na lile tundu jembamba limetengenezwa hivyo makusudi. Roka inatosheka na oili kidogo ya kutiririka. Krenki haitosheki. Yenyewe inaelea juu ya utando wa oili yenye presha, utando ukikatika ni chuma kwa chuma. Kibomba kinachota moja kwa moja kwenye njia kuu, bila kizuizi chochote, kinamwaga juu. Kila kinachoruka kule juu unakokufurahia kimetolewa kwenye krenki.

Nilienda nacho safari tatu. Ya kwanza dereva alisema gari linatoa moshi wa bluu. Oili ilikuwa imezidi juu, inapenya kwenye gaidi za valvu (mirija inayoongoza valvu) na kuungua. Nikapuuza, nikaongeza lita mbili. Safari ya tatu, tunashuka kutoka Newala na mzigo kamili, tumepita Nanyamba, injini imeshapata moto na oili imekuwa nyepesi, utingo akasema, "Bosi, geji ya oili imelala." Dereva akadhani ni waya. Kufika Nanguruwe ikaanza kugonga. Tulipofungua sampu nilichovya vidole nikasugua kwenye mwanga wa simu: chengachenga zinametameta kama magamba ya dagaa. Metali za bigi endi, yaani beringi zake, zilikuwa zimechubuka mpaka rangi ya shaba. Krenki ikaenda kuchongwa.

Mwenzangu mmoja wa Masasi kwake hata hakikufika huko. Shaba ikitikiswa muda mrefu inakakamaa na kuvunjika, na chake kilikatika barabarani. Bahati yake alinusa oili ikiungua kwenye manifoldi ya moshi akazima.

Kama una wasiwasi kweli kwamba oili haipandi, washa gari lipate moto, liache lingurume taratibu kwa dakika kumi, kisha ndipo mfungue kava na kutazama kila roka. Pima presha kwa geji ya mkono, usiamini taa peke yake. Kukiwa kukavu kweli, kuna sababu, na sababu inatafutwa: matope ya oili iliyopitiliza muda yameziba roka shafti, gasketi ya hedi ni feki na tundu lake halikukaa sawa, bushi ya kamshafti imezunguka ikafunika njia, au roka shafti ilifungwa kinyume. Nyingi ya kazi hizi ni kufungua, kuzibua na kuosha kwa dizeli, fundi wa kweli anakufanyia gereji ukimwona. Na udai risiti. Mimi sikuwa nayo, na simu ya jamaa haipatikani tangu siku ile ya Nanguruwe.

Mliokwisha kufungiwa kibomba hiki, msipakie mzigo kwanza. Ng'oeni kibomba chote pamoja na tii, rudisheni swichi ya presha mahali pake, na kule kwenye roka shafti alikotoboa pazibwe na fundi kwa boliti ya uzi uleule, siyo kwa gundi. Halafu mwageni oili, mpasue filta ya zamani na kukunjua karatasi yake juani. Mkiona chengachenga, fungueni sampu mtazame metali kabla gari halijatoka uani.