Darasa la opsheni Kampala: Jumamosi tatu za thamani, na ya nne

Nauza bidhaa za jumla Kikuubo, huu mwaka wa kumi na tisa. Nimelipa shilingi 480,000 kusoma namna bei ya opsheni za hisa inavyopatikana: Jumamosi nne, chumba cha ghorofa ya tatu katikati ya Kampala, wanafunzi kumi na wanne. Kilichonipeleka ni mpwa wangu. Alipoteza karo ya muhula mzima akinunua opsheni kwenye simu, na nyumbani hakuna aliyeweza kumwonyesha alipokosea.

Mwalimu ni hodari kweli. Alianza na arbuni, jambo ambalo kila mwenye duka analijua: unaweka fedha kidogo ili sukari ishikiliwe kwa bei ya leo, bei ikipanda unachukua mzigo, ikishuka unauacha na arbuni yako imekwenda. Opsheni ya kununua hisa inafanana na hiyo, ila fedha uliyotoa haikatwi kwenye bei ya mzigo. Sasa arbuni hiyo iwe kiasi gani?

Akaandika ubaoni: hisa ni dola 100 leo, mwezi ujao itakuwa 110 au 90. Opsheni inakupa haki ya kununua kwa 100. Muuzaji wa opsheni, ili ajikinge, anunue nusu hisa kwa dola 50, na katika hizo akope 45 (riba tuiache kwanza). Hisa ikifika 110, nusu yake ni 55. Akilipa deni anabaki na 10, ndizo unazomdai wewe mnunuzi. Ikishuka 90, nusu ni 45, deni limekwisha, hadaiwi na mtu. Mfukoni alitoa dola 5, basi bei ni 5.

Hajati aliyeketi jirani yangu akauliza, "Mwalimu, mbona hujasema kama hisa ina dalili ya kupanda au kushuka?" Mwalimu akatabasamu, akafuta 110 na 90, akaandika 120 na 80, akatuambia tupige upya. Ikatoka 10. Hapo nikaweka kalamu chini. Hisa ni ile ile, bei ya leo ni ile ile, lakini mtikisiko umeongezeka mara mbili na opsheni nayo imepanda mara mbili. Anayenunua opsheni ananunua mtikisiko. Mpwa wangu alinunua siku soko limechafuka, akalipa ghali mno, kisha bei zikatulia.

Jumamosi ya pili tulisoma kanuni ya Black na Scholes ya kupiga bei ya opsheni, ya mwaka 1973, mwaka ambao soko la opsheni la Chicago lilifunguliwa. Hesabu ngumu, tulizipita haraka. Ya tatu ilinifaa zaidi: mtikisiko wa mwaka ukiugawa kwa 16 unapata wa siku moja, kwa makadirio. Machi 16, 2020, wakati wa korona, kipimo cha VIX cha Marekani, kinachoonyesha kwa asilimia mtikisiko wa mwaka ambao soko linautarajia, kilifunga 82.69. Gawanya: watu walikuwa wakilipia soko linaloruka au kuanguka asilimia 5 hivi kila siku!

Ya nne ilitangazwa kuwa ya hatari za muuzaji, na ndiyo niliyoisubiri. Tulipewa dakika ishirini. Saa zilizobaki akaja kijana wa kampuni ya biashara ya mtandaoni kutuhimiza tufungue akaunti tuuze opsheni kwa mtaji wa kukopa. Jambo hilo liliniuma. Mkataba mmoja wa Marekani kwa kawaida ni hisa 100. Ukiuza ule wa dola 5 bila kushika hisa yoyote, unapokea dola 500. Hisa ikirukia 160, unadaiwa 6,000. Umepoteza 5,500, karibu milioni ishirini za Uganda. Hilo ni duka la mtu. Oktoba 19, 1987 soko la New York lilianguka zaidi ya asilimia 22 kwa siku moja. Ile nusu hisa ya ubaoni, ambayo muuzaji hulazimika kuiongeza au kuipunguza bei inaposogea, haiwezi kurekebishwa upesi kiasi hicho. Hayo tulistahili kuelezwa taratibu.

Nimeomba nirudishiwe robo ya ada, sijajibiwa. Lakini darasa jipya likianza, nitamlipia mpwa wangu aende Jumamosi tatu za kwanza. Ya nne atakuja dukani, tukae na daftari langu.