Hiace au Caravan? Soma namba ya chesisi kabla ya bei

Anayetafuta gari la zamani la abiria au mizigo Tanzania mara nyingi huishia kwenye Toyota Hiace au Nissan Caravan. Kinachotenganisha hasara na faida ni injini, na kwa Hiace injini unaisoma kwenye namba ya chesisi iliyo kwenye kadi. LH ni dizeli ya zamani, RZH petroli ya zamani, TRH petroli ya umbo la 2004 kuendelea, KDH dizeli ya D-4D, yaani dizeli ya kisasa ya Toyota. Hapa chini nimezipanga kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

1. Hiace TRH200, petroli 1TR (cc 1,998). Kwa ruti za mjini hakuna ya kuizidi. Ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, na haina nozeli (vipulizia mafuta) za bei mbaya. Ikijazwa abiria kwenye milima inachoka na mafuta inakunywa. Cheni ikipiga kelele sekunde chache asubuhi, ujue oili ilikuwa ikicheleweshwa kubadilishwa.

2. Hiace LH, injini 3L au 5L. Kwa barabara za vumbi chukua hii. Pampu ya dizeli ni ya kawaida na fundi yeyote wa wilayani anaifungua. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Taa ya T-BELT (ya kukumbusha mkanda) kwenye dashibodi huzimwa kirahisi, kwa hiyo isikutulize: ukishanunua, funga mkanda mpya. Ikishachemsha mara kadhaa, silinda hedi hupasuka.

3. Caravan E24, injini TD27. Taimingi yake ni ya gia tupu, hakuna mkanda wa kukatika. Injini hii ni ngumu kweli. Tatizo ni taa, milango na vioo, ambavyo si rahisi kupata kama vya Hiace, na siku ya kuuza utalipwa kidogo. Caravan E25 ya petroli (injini KA20) nayo ingekaa hapa.

4. Hiace KDH200 (cc 2,494) na KDH201 (cc 2,982). Ikiwa mpya ingekuwa ya kwanza: ina nguvu na inabana mafuta. Ikizeeka, washa (pete) za shaba chini ya nozeli huanza kuvujisha. Moshi wa ndani ya silinda unaingia kwenye oili, masizi yanajikusanya kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la kunyonyea oili. Oili haipandi, injini inakwama, na huo ni mfuko mzima wa pesa. Usinunue kabla sampo haijafunguliwa na nozeli hazijapimwa na fundi wa pampu. Muuzaji akikataa, ondoka.

5. Caravan E25 ya dizeli, ZD30. Bei yake inavutia, lakini matengenezo yanaikula bei hiyo yote. Labda kama fundi wako anaijua injini hiyo kwa jina.

Ukaguzi ufanye asubuhi, injini ikiwa baridi. Iguse kwanza, maana wauzaji huiwasha mapema ili iwake vizuri ukifika. Fungua mfuniko wa rejeta: maji yenye utando wa oili ni dalili ya gasketi kufa. Washa ukiwa umeuacha wazi. Mapovu yasiyokoma maana yake moshi unaingia kwenye maji. Kisha toa mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma. Moshi ukisukuma kwa mapigo, pistoni zimechoka. Endesha nusu saa, upandishe mlima ikiwezekana, jicho likiwa kwenye mshale wa joto.

Kama gari limetoka Japani karibuni, dai cheti cha usafirishaji: kilomita huandikwa humo, zilinganishe na za dashibodi.

Mwisho ingia chini na bisibisi, ugonge chesisi karibu na springi za nyuma na matundu ya bolti za viti. Gari nyingi zilikuja za mizigo, zikachomelewa viti hapa, na kutu huanzia pale pale palipochomelewa.