TAHADHARI: Vichwa vya tela "vilivyokarabatiwa" vinavyouzwa Unguja na Pemba

Assalaam alaykum. Hii ni kwa wenye boti za faiba, mafundi wa pwani na kila anayekokota chombo kwa tela, kuanzia Nungwi na Mkokotoni mpaka Kizimkazi. Khasa wenzetu wa Pemba muisome, maana nyinyi ndio mnaouziwa kwa picha. Kuna watu wanauza vichwa vya kuvutia tela, yaani kile chuma cha mbele ya tela kinachoshikana na gari, na seti za breki kwa maneno ya "mtumba wa Ulaya, umeshakarabatiwa". Ukarabati wenyewe ni kopo la rangi nyeusi ya kupuliza. Jina la muuzaji hatuweki: si mmoja, na akitajwa leo, kesho anafungua akaunti nyingine. Bora ukijue kitu chenyewe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kwa asiyejua kinavyofanya kazi: matela ya Ulaya yanayozidi kilo 750 hufungwa breki, na nyingi ya breki hizo huendeshwa na msukumo wa tela lenyewe. Gari likipunguza mwendo, tela bado linataka kwenda, kwa hiyo linalisukuma gari kwa nyuma. Kichwa kinarudi ndani pamoja na shafti yake, shafti inasukuma mkono, mkono unavuta fito ndefu iliyo chini ya chesisi, fito inavuta kebo mbili, na kebo zinatanua viatu vya breki ndani ya dramu. Hamna umeme, hamna mafuta ya breki. Ndani ya bomba la shafti mnakaa shokapu, inayozuia tela lisigonge gari kila dereva anapogusa pedeli.

Basi ujanja wa kwanza uko hapo kwenye shokapu, na ndio unaonasa wengi. Shokapu mpya ikinunuliwa inakula faida yote, kwa hiyo muuzaji ama anaiacha iliyokufa humo humo, ama anaing'oa na kupachika kipande cha nondo chenye tundu huku na huku. Boliti zinapita, kichwa kinakaa imara. Mnunuzi anakitikisa, anaona hakichezi, anafurahi, na kumbe ule uimara ndio ugonjwa. Kwa nondo ile shafti hairudi ndani hata milimita moja, na tela halina breki hata kama viatu ni vipya vya kwenye boksi.

Kukagua ni dakika tano. Vua ule mpira wenye mikunjo, unaofanana na tumbo la akodiani ya taarabu. Shafti ndani yake inatakiwa iwe nyororo na iwe na grisi. Ukikuta vishimo vya kutu, au rangi nyeusi imepulizwa mpaka juu ya shafti, rudisha mpira pahala pake na uende zako. Ukiridhika, mwambie mtu akishike kifaa kimeegemea ukuta, na wewe usukume kichwa ndani kwa uzito wa mwili. Kiingie kwa taabu, polepole, na ukikiachia kirudi nje chenyewe bila haraka. Kikiingia kirahisi na kubaki ndani, au kikirudi kwa kishindo, shokapu imekufa. Kisipoingia kabisa, ama kutu imekamata bushi, ama ni ile nondo. Tazama pia zile nipo za grisi, yaani vichuchu vya kupitishia grisi, juu ya bomba: nipo iliyozibwa na rangi haijapigwa grisi baada ya huo "ukarabati". Muuzaji akikwambia mpira usivuliwe utachanika, jibu umeshalipata.

La pili ni kuchomelea. Vichwa vingi vya zamani ni chuma cha kusubu, na chuma cha namna hiyo hakipokei elektrodi ya kuchomelea mageti. Mshono utaonekana mnene na mzuri, lakini chuma kilicho pembeni yake kimeshakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kigae, na ufa unaanzia hapo. Juu yake hupakwa puti, ikapigwa msasa, ikapulizwa rangi. Nenda na kitambaa na thina kidogo kwenye chupa. Sugua chini ya kichwa, upande ambao mpulizaji huwa mvivu kuufikia. Rangi ya juzi inayeyuka na kitambaa kinageuka cheusi, wakati ya kiwandani huwa ngumu kutoka. Kisha gonga kwa spana ndogo, polepole, pahala baada ya pahala: chuma kinalia, puti inatoa sauti butu kama unagonga ubao. Na chesisi ni hivyo hivyo. Wanapaka rangi ya fedha juu ya kutu na kuita "zinki", lakini zinki ya kuchovya haitoki kwa thina.

Kichwa kikipita hapo, kipime na gololi, yaani lile tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Vichwa vya Ulaya ni vya gololi ya milimita 50. Magari mengine hapa yamefungwa gololi ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, chukua venia, kile kipimo cha kubana cha mafundi. Kichwa cha 50 juu ya 50.8 hakikai mpaka chini, na watu wanakipiga nyundo mpaka kiseme "tak". Kichwa cha inchi 2 juu ya gololi ya 50 kinacheza, na gololi yenyewe ikilika ikafika milimita 49 haifai tena. Baadhi ya vichwa vina alama ya kijani na nyekundu inayoonyesha ulaji. Hiyo alama muuzaji huipaka nyeusi kwanza kuliko kitu chochote.

La tatu linahitaji maelezo zaidi, maana hapa hata muuzaji mkweli hukosea. Kila kifaa cha namna hii kina kibati, au maandishi yaliyogongwa kwenye bomba, yanayotaja uzito wa chini na wa juu wa tela kinaloweza kulifunga breki, pamoja na uzito unaoruhusiwa kukalia gololi. Vitu vinavyoshushwa kwenye makontena vimetoka kila namna ya tela: ya nyumba za kukokotwa, ya farasi, hata yale marefu membamba ya kubebea ndege zisizo na injini, ambazo Ulaya hufunguliwa mbawa na kukokotwa na gari dogo. Tela la ndege hizo ni refu kuliko boti zetu nyingi, lakini ni jepesi. Sasa mtu anaona urefu, anaona kichwa kizuri, anakifunga kwenye tela la boti yenye injini mbili, tangi la mafuta na nanga ndani. Shafti inaingia mpaka mwisho kila breki inapoguswa, na ikishafika mwisho nguvu inayobaki inalisukuma gari lako. Kwenye barabara tambarare ya Unguja unaweza usijue mwaka mzima. Utajua siku ya kushuka bandarini Mkoani, Pemba, na mzigo.

Kinyume chake nacho kipo: kifaa cha tela zito kwenye tela jepesi. Hapo msukumo hautoshi kuirudisha shafti, na breki inakamata nusu au haikamati kabisa. Kwa hiyo kibati kikiwa kimeng'olewa, au maandishi yamepitiwa na grenda, usikinunue kwa bei yoyote. Hakuna fundi atakayeweza kukwambia uwezo wake kwa kukitazama.

Viatu vya breki. Vinavyouzwa vingi ni vya zamani vilivyogandishwa lainingi mpya, yaani lile tabaka linalosugua dramu, juu ya chuma chenye kutu. Kutu inaendelea kufura chini ya gundi, inainua lainingi, mwisho inabanduka kipande kizima na kukwama ndani ya dramu. Gurudumu linaganda ghafla, tela linapinda. Pitisha ukucha ukingoni, pale lainingi inapokutana na chuma: ukiingia, kiatu hicho si chako. Lainingi iliyobaki milimita 2 imekwisha. Angalia pia namba. Ekseli za kampuni ya AL-KO zenye dramu ya milimita 200 kwa upana wa 50 zina alama 2051, za 230 kwa 60 ni 2361. Lakini kiatu cha 200 kwa 50 cha kampuni ya Knott hakiingii kwenye AL-KO, ingawa vipimo ni vile vile, kwa sababu matundu na mkono wa ndani ni tofauti. "Inaingia, unapiga grenda kidogo tu" ni maneno ya mtu anayetaka uondoke. Vumbi la viatu vya zamani usilipulize kwa kompresa, huenda lina asbesto, limwagie maji.

Kwenye boliti tutasema machache. Kichwa hushikwa na boliti mbili, mara nyingi za M12 (unene wa milimita 12), na moja kati yake hupita kwenye shokapu. Juu ya kichwa cha boliti pawe pamegongwa 8.8, namba ya nguvu ya chuma chake, au zaidi. Isiyo na namba ni ya mlango. Nati za kujikaza, zenye duara la plastiki ndani, hazirudiwi. Na ekseli nyingi za AL-KO zenye beringi za kufungwa hutumia nati kubwa ya M24 ya mara moja tu, inayokazwa kwa niutoni mita 290. Hiyo haikazwi kwa bomba na makadirio, na seti ya "breki kamili" isiyo na nati mpya haijakamilika.

Mliokwisha kununua na vitu vimepita ukaguzi huo, fungeni kwa mpangilio sahihi, maana hata vifaa vizima vinaharibiwa hapa. Anzeni magurudumuni, si kwenye fito. Legeza fito mpaka kebo zilale. Piga jeki, achia hendibreki, zungusha gurudumu upande wa kwenda mbele peke yake. Ukilizungusha nyuma, viatu vya kujiachia wakati wa kurudi nyuma vitakudanganya. Kwa bisibisi kwenye kitundu cha nyuma ya dramu kaza kile kigurudumu cha meno mpaka gurudumu ligande, vuta hendibreki mara mbili tatu viatu vikae katikati, kisha legeza jino moja moja mpaka lizunguke huru. Fanya na upande wa pili. Kila kebo ukiivuta kwa mkono itoke kama milimita 5 hadi 8. Ndipo uje kwenye fito, uondoe ulegevu tu bila kuivuta. Yule fundi anayekaza fito mpaka breki "zinashika" amekuficha viatu vilivyokwisha, na breki zitakuwa zinasugua njia nzima mpaka dramu itoe harufu.

Mwisho vuta hendibreki na uchungulie chini: kile chuma cha kugawa kinachoshika kebo mbili kikae sawa. Kikilala upande mmoja, kebo moja imeganda ndani ya ala yake. Kwetu kebo huganda mapema kwa sababu matela yanaingia baharini. Dramu yenye moto ikizama majini inapoa ghafla na kufyonza maji ya chumvi kupitia sili. Subiri ipoe kabla ya kurudisha tela majini, na ukitoka pwani mwaga maji baridi ya mfereji ndani ya dramu, siyo juu ya rimu tu. Waya mwembamba wa usalama nao usiuzungushe shingoni mwa gololi. Ufunge kwenye kitu imara cha gari, ili kichwa kikichomoka waya huo uvute hendibreki ya tela kwanza ndipo ukatike.

Kwa walioko Pemba, mchezo unakwenda hivi: unatumiwa picha ya kitu safi, unatakiwa pesa za simu "kuwahi boti ya kesho", kinachoshuka ni kingine kimefungwa ndani ya gunia. Usikubali picha. Taka video moja isiyokatwa: mpira umevuliwa, mtu anasukuma kichwa na kinarudi, kibati kinasomeka, na karatasi yenye tarehe na jina lako iko pembeni muda wote. Kama una ndugu mjini, akione kwa macho yake kabla hakijafungwa, na pesa itoke kikishaingizwa chomboni. Anayejibu kuwa "wateja wengine hawasumbui hivi" mwache na wateja wake.

Aliyekwisha kutapeliwa asikitupe. Piga picha za kila upande kabla hujakifungua, hifadhi ujumbe wa malipo na mazungumzo yote, na upeleke malalamiko polisi pamoja na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Shauri likishamalizika, kipasue kichwa kwa grenda katikati ndipo umpe muuza vyuma chakavu. Kikienda kizima, kitarudi sokoni na rangi nyingine.